Askari Wangu Wadogo na Swali la Mjomba

Nina miaka arobaini na mitatu, nafundisha hesabu shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, nina mke na watoto wawili, na usiku nyumba ikitulia huwa nakaa mezani kupaka rangi askari wa kuchezea. Si wa watoto wangu. Ni wangu mwenyewe. Nimelitanguliza hili ili msomaji ajue anaongea na nani, maana wageni wengi wakiiona ile rafu huuliza kwanza, "Hawa wa mtoto?" Nikisema ni wangu, wanacheka kidogo kisha wanageukia habari za mvua.

Ugonjwa huu niliupata Leeds, kaskazini mwa Uingereza, nilipokwenda kusoma mwaka mmoja. Kule kuna masoko ya Jumapili ambako watu hupanga chini vitu vya marehemu zao: vikombe, picha, saa zisizokwenda. Siku moja nikakuta kopo la biskuti lenye askari tisa wa koti jekundu, rangi imebanduka, mmoja hana kichwa. Muuzaji alitaka pauni sita. Nilikuwa na baridi, nilikuwa mpweke, nikatoa pauni sita. Usiku ule niliwapanga dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona chumba kimekuwa na watu.

Walikuwa wa risasi. Nasema risasi kwa maana ya madini, ingawa Kiswahili chetu kina ujanja wake hapa: madini yale na kile kinachotoka kwenye bunduki vina jina moja. Askari wa risasi. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuwatengeneza kwa njia mpya. Risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu, na kabla haijaganda yote, ile ya katikati ikamwagwa nje. Kilichobaki kilikuwa ganda jembamba lenye sura ya mtu, ndani tupu. Madini kidogo, uzito kidogo, bei ndogo, na watoto wa watu wa kawaida wakaweza kuwa na jeshi. Kimo chao cha milimita 54 kikawa kipimo ambacho wakusanyaji wanakitumia hadi leo. Baadaye ikajulikana wazi kwamba risasi ni sumu kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, na katika miaka ya 1960 viwanda vikahamia kwenye plastiki. Wangu wa risasi wanakaa juu kabisa, na nikiwagusa nanawa mikono.

Wengi nilionao sasa ni wa plastiki, wale wadogo wa sentimita mbili na nusu hivi, wanaokuja wakiwa wameshikana kwenye vijiti kama dagaa. Acha nikueleze utamu wake, maana mtu akiuliza maswali ya maadili kabla ya kukiri utamu, anakuwa ameanza na uongo.

Kwanza unawaosha kwa maji ya sabuni, maana plastiki ile hutoka kiwandani na mafuta na rangi haishiki. Ukisahau hatua hii, wiki mbili baadaye askari wako anaanza kujichubua kama mjusi. Wakikauka unawapaka rangi ya kwanza, nyeusi au kijivu, ya kushikia nyingine. Halafu suruali, koti, mikanda, ngozi. Baadaye unazimua rangi ya kahawia kwa maji mengi na kuiachia itiririke mwili mzima. Inatuama kwenye mikunjo ya nguo, na mara moja kile kipande cha plastiki kinapata kivuli. Mwisho unachukua brashi karibu kavu, unapitisha rangi nyeupe kidogo sana kwenye magoti, mabega na ncha ya pua. Hapo ndipo anapoamka. Sijui niseme vipi. Dakika moja nyuma kilikuwa kitu, sasa anakutazama.

Macho ndiyo mtihani. Doa jeupe, juu yake doa jeusi. Ukizidisha, askari anakuwa kama mtu aliyeambiwa kodi imepanda. Mimi hushika pumzi. Kwa muda ule hakuna deni, hakuna mitihani ya kusahihisha, hakuna simu. Kuna nukta moja tu ya weusi na mkono usiotakiwa kutetemeka. Watu wa dini wataniwia radhi, lakini utulivu wa namna ile nimeupata sehemu mbili tu maishani, na ya pili ni sala.

Brashi nyembamba hivyo huwezi kuzipata duka la vifaa vya ujenzi. Nazinunua Kariakoo, kwa wauzaji wa vifaa vya saluni, zile za kuchorea maua kwenye kucha. Dada anayeniuzia ananiita "fundi kucha". Nimemwacha aamini hivyo. Ukweli ungechukua muda mrefu, na nyuma yangu kuna foleni.

Nilikuwa bado Leeds niliposikia habari ya Haworth, kijiji kisicho mbali na pale, na ya watoto wa mchungaji Brontë. Juni 1826 baba yao alirudi kutoka Leeds na sanduku la askari kumi na wawili wa mbao kwa ajili ya mwanawe Branwell. Dada zake wakachagua kila mmoja wake. Charlotte akamwita wa kwake Duke wa Wellington. Branwell akajichukulia Bonaparte. Kutokana na askari wale watoto wakaanza kutunga hadithi, wakaziandika kwenye vitabu vidogo kwa maandishi madogo sana, na waliendelea kwa miaka. Wasomi wengi wanaona ndipo alipozaliwa mwandishi wa *Jane Eyre*. Niliposoma hivyo nilifurahi mno. Nikajiambia, unaona, si upuuzi, hawa watu wadogo wamezaa fasihi!

Kisha nikasoma zaidi. Ufalme waliouvumbua wale watoto, walioupa jina la Glass Town, waliuweka wapi? Pwani ya Afrika Magharibi. Wale kumi na wawili wa mbao walisafiri kwa meli, wakatua, wakapigana na Waashanti, wakajenga mji wao juu ya nchi ya watu. Watoto wapole wa kasisi, wasiofika Afrika hata siku moja, wanacheza kwenye chumba cha juu, na mchezo wenyewe ni kuichukua Afrika. Miaka kama sitini baadaye wakubwa waliufanya kweli.

Sisemi Charlotte Brontë aligawa bara letu. Nasema mtoto huokota mchezo kutoka hewani, na hewa ile ilikuwa na kitu ndani yake. Lakini kuanzia hapo furaha yangu ikapata mwiba. Mtu mweusi wa Morogoro, usiku wa manane, anampaka rangi nyekundu mwanajeshi wa Malkia Victoria, anahakikisha vifungo vinang'aa. Je, ni sawa?

Swali hili lina watu waliolijibu kabla yangu, na majibu yao yanagongana. Winston Churchill, utotoni, alikuwa na askari wa kuchezea karibu 1,500. Ameandika katika kumbukumbu za ujana wake kwamba baba yake alikuja siku moja kulikagua jeshi lile, akamwuliza kama angependa kuingia jeshini, na hapo njia yake ikapinda. Kwa hiyo wanaosema mchezo huzaa wapiganaji wana shahidi mzito. H. G. Wells alikuwa upande wa pili. Mwaka 1913 alitoa kitabu kiitwacho *Little Wars*, cha kanuni za kupiganisha askari wadogo sakafuni kwa mizinga midogo inayorusha vijiti. Hoja yake ilikuwa kwamba vita vidogo havivunji miili wala havichomi miji, na kwamba mtu akivicheza ataona jinsi vita vikubwa vilivyo vya kijinga. Mwaka mmoja baadaye Ulaya nzima ikaingia vitani, na Wells yuleyule akaandika kuitetea kama vita vitakavyokomesha vita. Naye Saki, mwandishi wa hadithi fupi, alitunga kisa cha mjomba anayewapelekea watoto wanasesere wa amani, watu wa kiraia badala ya askari, na muda si mrefu watoto wanawageuza kuwa majeshi. Saki mwenyewe aliuawa Ufaransa mwaka 1916.

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa hili: midoli haileti vita wala haizuii. Waliokuja na meli hawakuja kwa sababu ya kopo la biskuti. Mtoto anayefyatua kidole na kusema "pa!" hahitaji kiwanda. Kwa hiyo niachieni askari wangu. Lilikuwa jibu zuri, na kwa kweli bado naliona halina kosa. Shida ni kwamba lilikuwa jibu la swali jingine, na hilo nililigundua mjomba alipokuja.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anaishi Morogoro. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili Amin alipoingia Kagera, Oktoba 1978, na alikuwa miongoni mwa waliokwenda mpaka Kampala, iliyoanguka Aprili 1979. Habari hizo tunazijua kwa kuambiwa na wengine. Yeye ukimwuliza anasema, "Tulikwenda, tukarudi," basi. Mwaka jana alikuja Dar kutibiwa macho, akalala kwetu. Nilimpa chumba kile chenye rafu kwa sababu ndicho chenye feni nzuri, na nikasahau kabisa waliomo.

Asubuhi nikabisha hodi na chai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Karibu uwaone watu wako."

Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, na namna alivyolisema hilo "mjomba" nilijua kuna jambo. Alikuwa amekaa kitandani anatazama rafu. Askari wote, thelathini na mmoja, walikuwa wamegeuzwa. Usiku aliwageuza mmoja mmoja mpaka bunduki zote zikatazama ukutani.

"Samahani," akasema. "Nisingelala. Bunduki haielekezwi mtu, hata ya mchezo. Tulifundishwa hivyo, na kama hukufundishwa unajifunza siku moja tu."

Nikaanza kuomba radhi. Nikasema nitawatoa, ni upuuzi tu, mjomba, ni kitu cha kupitishia muda. Akanyoosha mkono akamchukua mmoja, askari wa mwaka 1914 niliyempaka kwa siku nne, sare ya kaki, soksi za kuviringisha miguuni, kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo. Nilikuwa najivunia uso wake. Mjomba akamsogeza karibu na jicho lake zima.

"Umefanya kazi," akasema. "Kweli umefanya kazi. Mkono wako mwepesi kama wa mama yako." Akanyamaza kidogo. "Nani anawabebea?"

Sikuelewa.

"Hawa wote wana bunduki. Chakula kiko wapi? Maji? Nani anawabebea?"

Kisha akaniambia habari niliyokuwa nimeisikia nusu nusu utotoni: kwamba babu yake, yaani aliyemzaa baba yake, alichukuliwa mwaka Waingereza walipofika Morogoro. Hiyo ni 1916. Upande upi ulimchukua, Mjerumani akikimbia au Mwingereza akifukuza, kijijini hawakujali kutofautisha. Walisema tu: alichukuliwa. Aliacha mke na mtoto wa kunyonya. Hakurudi, na hakuna barua, kaburi wala tarehe. Mtoto yule ndiye babu yangu mzaa mama.

Mjomba akaondoka baada ya siku tatu, mimi nikabaki na swali lake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilianza na hesabu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoletwa huku, farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, na barabara za magari zilikuwa chache. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Chukua mzigo wa kilo 25 za chakula. Mbebaji mwenyewe lazima ale. Mpe kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula ishirini, na amefikisha tano. Kwa hiyo ili askari mmoja ale mbali na bohari, unahitaji watu wengi nyuma yake, na hao nao wanahitaji watu. Ndiyo maana Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na wanaokadiriwa kuwa karibu laki moja walikufa. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na uchovu. Pale walipokaa Dar es Salaam wale wa Carrier Corps ndimi zetu zililigeuza jina, pakawa Kariakoo.

Kariakoo. Ndiko ninakonunua brashi.

Nilikuwa nimepita pale mara ngapi, mkononi nimeshika mfuko wa brashi za kupakia vifungo vya wenye bunduki, ndani ya jina la waliobeba? Hata sanamu yetu mashuhuri pale katikati ya mji, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya askari mwenye bunduki na singe. Ile ya Nairobi walau ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sisi tuna mtu mmoja, na anatazama bandarini.

Basi nikaona swali langu lilikuwa limekosewa tangu mwanzo. Nilikuwa nauliza kama ni dhambi kufurahia askari wadogo. Sidhani ni dhambi. Furaha ile ni ya kutazama, ya kumpa mtu wa sentimita mbili saa sita za maisha yako, na kutazama kwa namna hiyo ni jambo jema popote lilipo. Lakini mtu anayetazama sana upande mmoja anafanya na jambo la pili bila kujua. Anazoea kutokutazama kwingine. Kila niliyempa macho alikuwa na bunduki. Miaka saba ya subira, na sikuwa nimewahi hata kujiuliza nani alimbebea maji. Midoli haikunifanya niwe mpiganaji. Ilinifundisha tu kuona vita kama mtu wa juu anavyoviona: safu, rangi, vyeo, na nyuma yake hakuna mtu.

Nikaamua kutengeneza wapagazi. Ukiwatafuta wa kununua huenda ukawapata, lakini nilitaka wangu. Nilichukua askari sita wa ziada, nikawakata bunduki kwa wembe, nikawapasha mikono moto kidogo niipinde juu. Mizigo niliifinyanga kwa ile gundi ya udongo ya kuzibia mabomba, nikaifunga kwa uzi. Wawili waliharibika. Wanne wakasimama.

Hapa nakiri jambo ambalo ningependa lisingekuwa kweli. Kuwapaka rangi hakukuwa na utamu uleule. Shuka iliyochakaa haina vifungo. Kahawia, kijivu, kahawia tena. Hakuna mkanda mweupe wa kumalizia. Mara mbili niliacha katikati nikarudi kwa koti jekundu, kama mtoto anayeacha ugali akakimbilia biskuti. Nilijiona mnafiki. Halafu nikajiuliza kitu kibaya zaidi: je, si nafanya kosa jipya? Huyu ni mtu aliyemwacha mke na mtoto akafia porini, nami namgeuza pambo la rafuni, mfupi kuliko kidole changu gumba. Yule wa koti jekundu angalau simdai kitu wala hanidai.

Nililala na hilo siku kadhaa. Sina jibu safi la kumpa msomaji. Ninachoweza kusema ni kwamba nilipofika kwenye macho ya yule mpagazi wa nne, mkono ulitetemeka, na haikuwa kwa sababu ya ugumu wa kazi. Sikuwa namtengeneza babu. Sura yake haikubaki popote. Nilikuwa najilazimisha kukaa saa sita na mtu ambaye hakuna aliyetaka kukaa naye hata dakika moja ya kumwandika jina. Kama mimi, damu yake, naona kazi hiyo inachosha kwa sababu hana vifungo, basi naanza kuelewa kwa nini karani wa mwaka 1916 hakuhangaika. Hilo ni funzo dogo na chungu, na nisingelipata kwenye kitabu.

Nimeendelea na yote mawili. Sikumtupa hata mmoja wa koti jekundu. Bado nawapenda, na anayesema hawapendi aliowapenda jana sina imani naye sana. Lakini nimejiwekea sharti: kila askari mpya akiingia rafuni, lazima wapagazi wawili wamtangulie. Ni hesabu ya huruma kuliko ukweli, maana uwiano wa kweli ungejaza chumba. Sharti hilo limenipunguza mwendo. Tangu mjomba aondoke nimeongeza askari wawili tu.

Mjomba hupiga simu kila Jumapili kujua watoto wanaendeleaje. Macho yake yamepata nafuu. Wiki iliyopita, kabla ya kukata, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mchele:

"Wamefika wangapi?"

"Wanne, mjomba. Wa tano yupo mezani."

"Amebeba nini?"

Nikamtazama. Mzigo ulikuwa bado haujapakwa, donge tu la kijivu.

"Bado sijaamua."

"Mpe mahindi," akasema. "Na usimpe mengi."